Hali ya Awali ya Chumba cha Mama

Kwako Dada,

Chumba anacholala Mama hakipo. Hayo ameyasema mkaguzi wa majengo leo Alhamisi tarehe 7, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye meza namba nne ya ofisi ya mipango miji, jalada letu likiwa wazi mbele yake na rula mkononi. Mama mwenyewe yupo. Nimemwacha sasa hivi ndani ya chumba hicho hicho kisichokuwapo, akimlalamikia Kaka kwamba chai imepoa, na amesema nikusalimu sana. Nasi tunatumai u mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi kilichokuwa kikikusumbua kimekuacha. Huku sote ni wazima wa mwili. Wa akili, siwezi kutia saini.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Kwenye simu hunisikilizi. Nikifika sentensi ya pili umeshaanza kutoa amri. Tena habari hii imepita midomo mingi, na kila mdomo umeitia chumvi yake, kwa hiyo nataka uwe nayo kwenye karatasi, nani kasema nini na lini. Cheka ukitaka. Mmeniita Nani Kasema tangu sijaota ndevu, na miaka thelathini ya kuandika habari gazetini haikulifuta jina hilo, ililithibitisha tu.

Nianze mwanzo, maana najua mwanzo ulioupata wewe ni wa Kaka.

Mama alipotoka hospitali baada ya kiharusi, tuligundua kwamba nyumba yetu haikujengwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti cha magurudumu. Mlango wa mbele una ngazi tatu. Ukumbi una ile kona ambayo hata kabati la Baba lilikwama, mpaka likakatwa miguu. Kwa hiyo Mama akitaka kuota jua, Kaka alimbeba mgongoni kama mzigo, naye Mama, ambaye ulimi wake haukupata kiharusi hata dakika moja, alimwambia kila siku kwamba yeye si gunia la saruji, na kwamba mgongo wa mchomeleaji una joto kama tanuri. Wiki ya tatu akakataa kubebwa. Akasema heri aoze ndani kwa heshima.

Kaka hakuuliza mtu. Unamjua. Alimwita mwashi, yule mzee anayepima kwa kamba na kukataa futi, wakavunja ukuta chini ya dirisha la chumba cha Mama, wakatoa mlango, na kutoka mlangoni wakashusha mteremko hadi kwenye ile njia ya pembeni, kati yetu na jirani yetu mshona nguo. Kaka mwenyewe alichomelea reli ya kushikia, pande zote mbili, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mteja. Kazi ilikwisha siku tisa. Siku ya kumi, saa moja na nusu asubuhi, Mama aliteremka mwenyewe, mkono mmoja kwenye gurudumu na mwingine kwenye reli, akafika chini, akatukodolea macho na kutuuliza tumesimama pale tunangoja nini.

Tangu siku hiyo alikaa pale chini kila asubuhi, na mshona nguo alitoka na kigoda na kikapu cha nguo za kurekebishwa. Alimpa Mama kazi ya kufumua. Mteja akinenepa, mshono unafumuliwa. Akikonda, vivyo hivyo. Mama aliushika mshono kwa mkono mbovu, akaukata uzi kwa mkono mzima, wakausengenya mtaa mzima mpaka saa nne. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayekuja Jumanne na Ijumaa, alipima vidole vyake wiki ya pili akasema yeye hakuvifanya hivyo, na aliyevifanya aendelee.

Hapo ndipo tulipokuwa. Weka alama hapo, Dada, maana ndipo ninapotaka turudi, na hakuna mtu anayejua njia ya kurudi.

Wiki saba zilizopita, Alhamisi pia, mkaguzi alikuja na ilani. Ni mama wa makamo, mpole, anavaa viatu vya kazi, hapandishi sauti hata ukimpandishia. Aliupima mteremko, akaipima njia, akabandika karatasi kwenye mlango mpya. Imeandikwa kwamba ndani ya siku sitini mwenye nyumba alirejeshe jengo katika hali yake ya awali.

Katika hali yake ya awali. Maneno matano, na sijapata usingizi wa maana tangu yalipobandikwa. Kwa wiki saba nimekwenda kwa kila anayehusika nikamuuliza anaelewaje maneno hayo, na sijapata wawili wanaosema kitu kimoja.

Kaka anasema hali ya awali ni hali iliyokuwapo kabla ya ilani, yaani mteremko upo, Mama yupo chini, watu wa ofisi hawapo. Nilipomwambia hakuna ofisi duniani itakayokubali tafsiri hiyo, aliniambia niwapelekee hivyo hivyo kwa mwandiko mzuri.

Mwashi anasema kwake hali ya awali ni jinsi alivyoikuta nyumba siku anaingia kazini, na yuko tayari kuirudisha, ila kuna jambo moja. Ule ukuta alioubomoa aliufanya kifusi, na kifusi akakishindilia ndani ya mteremko ili usititie. Kwa hiyo ukuta wa Mama sasa umo tumboni mwa mteremko. Ukiutaka ukuta, uvunje mteremko. Na ukishauvunja mteremko, utakachokipata ni kokoto. Alisema kubomoa kunataka nguvu, kujenga kunataka akili, lakini kurudisha kunataka mtu asiye na kazi nyingine. Kisha akaniuliza kama chai ipo.

Mtaalamu wa mazoezi nilimuuliza kuhusu Mama, si ukuta. Lini atarudi katika hali yake? Akasema maneno hayo huyatumia akiongea na ndugu wa wagonjwa tu, kwa kuwa ndiyo wanayotaka kuyasikia. Kwenye fomu zake anaandika "anaweza" au "bado". Fomu ya Mama ilikuwa imejaa "anaweza". Mwezi huu amefuta mbili na kuandika "bado", akaniuliza kwa nini yule rafiki wa kikapu haonekani siku hizi. Nilimwambia ana kazi nyingi.

Mama alikuwa anasikia. Akasema tusimsumbue mtaalamu wa watu. Akasema hali yake ya awali yeye ni kitoto kichanga, hakina meno, hakitembei, kinalia kikiachwa peke yake. Tuvute subira kidogo tu, anaelekea huko huko bila kibali cha mtu.

Sasa nikupe habari za mshona nguo, ingawa kipande hiki unakijua, na kipande fulani ulikitunga wewe mwenyewe.

Mkaguzi alipobandika ilani, Kaka alimuuliza nani kawaita. Mkaguzi akajibu kwamba ofisi ilipokea barua kutoka kwa mtu anayeifahamu nyumba vizuri. Kaka akageuka akatazama dirisha la mshona nguo, na mimi niliyekuwa nimesimama pale nikaona shauri limekatwa bila shahidi hata mmoja. Ushahidi wake ulikuwa kwamba siku ya pili ya ujenzi vumbi liliingia kwa mshona nguo likatua kwenye gauni la harusi, naye akasema, nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba Kaka anajenga kama anayepigana. Basi. Hilo tu. Kaka akasimama penye njia akasema kwa sauti ya kusikika hadi kona ya pili kwamba wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zetu zote kashona yeye.

Watu walicheka. Hata mimi nusura nicheke, ni maneno mazuri. Mshona nguo hakucheka. Aliingia ndani akafunga dirisha, na jioni ile wewe ukampigia simu. Dakika ishirini na mbili, Dada. Sijui ulisema nini, ila najua muda, kwa sababu yeye mwenyewe aliuhesabu. Tangu siku hiyo kigoda hakijatoka. Mama anateremka saa moja na nusu, anakaa pale chini mikono mitupu, anatazama lile dirisha, na saa mbili anaomba arudishwe ndani. Juma hili hajateremka kabisa.

Mimi nikapanga kufanya ninachokijua. Neno likiwa na maana nyingi, unakwenda kwa aliyeliandika. Leo nimefika ofisini kwao saa tatu unusu, nikaomba waniambie kwa maandishi hali ya awali ni ipi, kwa maana Jumatatu tarehe 18 siku sitini zinakwisha na hatujui tunatakiwa kubomoa nini. Nilidhani nawabana. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini si kawaida kuingia mara mbili kwenye kisima kimoja.

Mkaguzi alisema swali langu ni zuri, na kwa bahati mbaya hakuna aliyewahi kuliuliza. Kwao hali ya awali haina utata wowote: ni mchoro ulioidhinishwa. Akaenda kuuchukua. Ni wa miaka arobaini na moja iliyopita, una saini ya Baba kwa wino wa buluu, ile saini yake yenye mkia. Akaulaza juu ya ilani, akaweka rula, akapima, akapima tena. Kisha akanitazama kwa huruma, jambo lililonitisha kuliko rula. Kwenye mchoro kuna vyumba viwili, ukumbi na stoo. Chumba cha Mama hakimo.

Unakumbuka kilikujaje? Ni chumba chako wewe. Ulipoingia sekondari ulisema hulali tena chumba kimoja na wavulana wawili wanaonuka miguu, Baba akacheka, akaongeza chumba nyuma likizo ile ile. Hakwenda ofisini. Nani alikuwa anakwenda ofisini? Kwa hiyo kwa mujibu wa jalada, hali ya awali ya nyumba yetu ni ile ya kabla hujatununia. Ili kutii ilani hatutakiwi tena kuziba mlango. Tunatakiwa kuondoa mlango, mteremko, kuta tatu, paa, na humo ndani mna Mama. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu anayekwenda kuulizia ufa.

Nilimuuliza kama siku hizi wanabomoa kweli. Akasema gari limepangwa kupita mtaa wetu Jumatano tarehe 20. Hakunitisha, alilisoma kwenye ratiba kama anavyosoma mtu saa za basi.

Halafu akanipa njia. Kuna ombi la kuhalalisha jengo lililopo. Likiwasilishwa kamili kabla ya saa tatu asubuhi ya Jumatatu tarehe 18, gari halipiti, na mlango na mteremko na chumba chako vinaingia kwenye mchoro mpya kama vilivyo. Linataka vitu vitatu. Mchoro wa nyumba ilivyo leo: Kaka anaweza, mikono yake inajua vipimo hata kama mdomo haujui. Barua ya mtaalamu wa mazoezi: ameniambia mchana huu kwamba ataiandika kesho Ijumaa akimaliza zamu ya Mama. Na ridhaa ya jirani anayepakana na njia, kwa saini yake mwenyewe, mbele ya mmoja wa wenye nyumba. Jirani anayepakana na njia ni mmoja tu.

Sasa kaa chini, kama hukukaa.

Mkaguzi alipokuwa anarudisha karatasi jaladani aliniomba nihakikishe anwani. Akanigeuzia ukurasa wa kwanza kabisa, ile barua iliyoanzisha yote. Ni ukurasa mmoja, mistari tisa, mwandiko umenyooka, tarehe juu kulia, anwani kamili. Sikuhitaji kuusoma. Niliuandika mimi.

Usikunje karatasi, soma mpaka mwisho. Siku ya kumi na mbili ya mteremko, mezani, nilimwambia Kaka kazi kama ile inataka kibali. Akaniuliza nani kasema. Nikamwambia ni sheria. Akasema sheria haina mdomo, nani kasema? Mama akacheka mpaka akakohoa, na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, nikaenda kulala na kinyongo cha mtoto. Kesho yake nikaandika ofisi ya mipango miji kuuliza: je, mteremko wenye urefu huu, kwenye njia yenye upana huu, katika nyumba namba hii, unahitaji kibali? Sikumshtaki mtu. Nilitaka tu jibu lenye muhuri nije kuliweka mezani karibu na sahani yake. Miaka thelathini sijaandika sentensi bila kumpata wa kuisema. Sikuona kwa nini nianze nyumbani.

Juu ya barua hiyo wamegonga muhuri mwekundu: MALALAMIKO. Nilimwambia mkaguzi kwamba sikulalamika, niliuliza. Akasema anaelewa, lakini wana mihuri miwili tu, wa malalamiko na wa maombi. Swali halina muhuri.

Naweza kukuambia kwamba sikujua. Ingekuwa uongo, na ungekuwa uongo wa kitoto. Mkaguzi aliposema barua kutoka kwa mtu anayeifahamu nyumba vizuri, nilijua papo hapo. Kaka alipotazama lile dirisha, nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Aliposema ya kikulacho, nilikuwa na muda wa kusema mengi. Uliponiuliza kwa simu kama kweli ni mshona nguo, nilikujibu kwamba Kaka ndivyo anavyosema. Angalia jibu hilo. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nimelitafuta la namna hiyo maisha yangu yote kwa ajili ya gazeti, na nilipolipata nililitumia kumfunika kwa lawama mwanamke asiye na kosa kwa wiki saba.

Leo saa nane nilikwenda karakana kwa Kaka. Alikuwa ameinamia fremu ya dirisha. Nikamwambia kwamba barua haikuandikwa na jirani. Akauliza, bila kuinua kichwa, nani kasema. Nikamwambia: mimi. Alinitazama, akaishusha ile barakoa yake usoni ingawa moto ulikuwa umeshazimwa. Nilijiona kwenye kile kioo cheusi. Kisha akasema kutoka humo ndani kwamba yeye ndiye aliyetukana, kwa hiyo ni zamu yake kuomba radhi, na kwamba nimtoke mbele kabla hajakumbuka mimi ni mdogo wake.

Kutoka hapo nikaenda dirishani kwa mshona nguo. Hakusimamisha cherehani. Nilimweleza yote kwa mpangilio, barua, muhuri, na vile nilivyonyamaza. Alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akasema anajua tangu mwanzo kwamba si yeye, hiyo si habari. Akasema gauni la harusi lilitoka vumbi kwa kukung'utwa mara tatu, haya mengine hayakung'utiki. Nikamwambia kuhusu saini. Akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya jirani au kwa ajili ya saini. Nikamwambia yote mawili. Akasema angalau hilo linafanana na kweli.

Hakusema atasaini. Hakusema hatasaini. Nanukuu alivyosema: ana magauni manne ya kumaliza hadi Jumamosi tarehe 16, Jumapili atakuwa na nafasi, na mlango wake ataufungua kwa watu watatu au asiufungue kabisa. Yule wa kusema, yule wa kunyamaza, na yule wa dakika ishirini na mbili, hata kama ni kwa simu. Kila mmoja aseme la kwake kwa mdomo wake, asitume salamu.

Mama nilimwambia mwisho, kwa woga. Alisikiliza. Akaniambia mambo ya ukuta na mchoro tufanye tutakavyo, yeye hajawahi kumpenda mkaguzi wala kumchukia. Anachotaka kirudi ni kile kikapu. Halafu akaniambia nisimame karibu, akanifinya sikio kwa ule mkono mbovu. Nguvu ipo, Dada. Kidogo, lakini ipo. Andika "anaweza".

Ushauri sina, na samahani yangu nitakupa tukionana. Ninachokuomba ni kitu kimoja. Naituma barua hii kwa njia ya haraka. Wa posta amesema itakufikia Jumanne au Jumatano. Ukishaisoma usinipigie kunifokea, utanifokea baadaye, foleni ni ndefu na Kaka yuko mbele yako. Tafuta maneno utakayomwambia mshona nguo, ya kwako mwenyewe, yasizidi dakika tano.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba wao bado yu hai hadi tunakwenda mitamboni. Mama anasema ujifunike kifua.

Jumapili tarehe 17, saa kumi kamili alasiri, kwa saa za huku. Nitapiga mimi, nikiwa nimesimama mlangoni kwa mshona nguo, na Kaka kando yangu. Ofisi inafungua Jumatatu saa mbili unusu.

Mdogo wako,
Nani Kasema